Pingamizi la Bibi Harusi

"Mwenye pingamizi na ndoa ya Kibet na Mireille asimame sasa," pasta alisoma tangazo, kanisani kwetu Handsworth, huku ughaibuni.

Akasimama bibi harusi mwenyewe. Mama wee! Kanisa zima tuligeuka.

"Ni miye," Mireille alisema.

"Aki Mireille, kaa chini," Kibet alinong'ona, jasho likimtoka.

"Sikai! Gurvinder, kiongozi wetu wa mgomo, ameniandikia. Nawasomea: 'Kibet amekubali kuingia kazini kesho. Pole, dada.'"

Wote wawili walifanya kazi kiwanda kimoja mtaani Tyseley, wakitengeneza vipuri vya magari ya jeshi. Vita vilipopamba moto ng'ambo, serikali ikashika usukani pale. Zamu zikarefushwa, mshahara ukabaki palepale. Wafanyakazi wakagoma.

"Bosi anasema kugoma wakati wa vita ni usaliti!" Kibet alifoka. "Na viza yangu iko mkononi mwake. Nikirudishwa Kenya, utaolewa na nani?"

"Na huyo huyo aliyerudishwa! Lakini mvunja mgomo, simtaki."

Baba yake Mireille, Papa Athanase, akainuka akikohoa, akamtazama Kibet.

"Mwanangu, kule Katanga nilichimba makaa ya mawe. Vita ikakuja, serikali ikakamata mgodi, ikaleta askari. Tukagoma. Rafiki yangu akashuka shimoni peke yake. Kesho yake wengine wakamufuata, na mgomo ukakufa. Mpaka leo sijamusamehe."

Kibet aliinamisha kichwa. Kisha, mbele yetu sote, akatoa simu, akaweka spika.

"Bosi, kesho siji. Mpaka mtusikilize."

"Unajua maana yake, Kibet?"

"Naijua vizuri sana." Akakata.

Akamgeukia Mireille, machozi yakimlengalenga.

"Niliogopa kukupoteza. Kumbe nilikuwa nakupoteza papa hapa."

"Mjinga wewe," Mireille alisema, akimfuta uso kwa kitenge chake.

"Pingamizi bado lipo?" pasta aliuliza.

"Nimeliondoa."

"Miye niko na langu," Papa Athanase akadakia. "Jumamosi ya harusi ni zamu yenu ya mgomo, kwenye geti la kiwanda. Nani atasimama pale?"

"Ni sisi, Papa," Kibet alijibu. "Pasta atatufungishia ndoa palepale."

Na kweli, Jumamosi Mireille alifika getini na shela lake, Gurvinder akipiga ngoma, bosi akichungulia dirishani. Pasta akauliza tena kama kuna mwenye pingamizi.

Mireille akanyoosha kidole kwenye lile dirisha.

"Muulizeni yule!"

Bosi akashusha pazia.