Kitufe Chenye Uzi wa Bluu

"Shangazi, usiweke dole gumba kwenye hiyo karatasi!"

"Wino nishapaka, Tunu. Mnunuzi yupo hapa, na mwenyekiti wa kitongoji yupo."

"Futa kwenye kanga. Nakuomba."

Nilikuwa nimesimama kwenye kibanda changu cha cherehani pale Visiga, simu sikioni, mkasi mkononi. Shangazi Anifa alikuwa kwake Janga, anataka kuuza shamba la ekari mbili, ndilo pekee alilonalo, ili hela yote aiweke kwenye kitu cha mtandaoni kinaitwa Tusua Familia. Na aliyemshawishi si tapeli wa kutoka mbali. Ni Mwinjuma, mchumba wangu, ambaye kesho yake wazee wake walikuwa wanakuja kwetu kusikia mahari.

"Mkwe kanambia miezi mitatu tu, inarudi mara nne," shangazi akasema. "Nyumba yake ya Kisarawe hujaiona kwenye simu? Ina bwawa la kuogelea!"

"Nimeiona. Nipe mpaka kesho alasiri. Si unakuja kwenye mahari? Ukiwa bado unataka kuuza, uza, sitasema neno."

"Kesho alasiri. Mnunuzi hatangoja zaidi ya hapo."

Nikakata simu, nikaitazama tena video ya kuitangaza Tusua Familia, ile iliyokuwa inazunguka mtandaoni. Jamaa mmoja anaitwa Brighton, kasimama mbele ya gari jeusi, anasema Tusua Familia imemtoa kwenye kuuza karanga mpaka hapo alipo. Hilo halikunishtua. Kilichonishtua ni suti aliyovaa. Rangi ya maziwa, kitufe cha pili kimeshonwa kwa uzi wa bluu.

Suti ile nilimshonea Mwinjuma kwa mikono yangu. Kitufe kilipodondoka nilikuwa nimeishiwa uzi wa rangi yake, nikatia wa bluu, nikamwambia arudi nibadilishe. Hakurudi. Wenzangu wote wameona utajiri kwenye video ile, mimi fundi nimeona uzi.

Nikafunga kibanda. Bodaboda mpaka Kiluvya, nyingine ya kukatiza mpaka Kisarawe, nikaulizia nyumba yenye bwawa la kuogelea. Mlinzi wa getini hakuniuliza hata jina.

"Umekuja kurekodi? Saa moja elfu arobaini. Wenzako wapo bwawani."

Ndiyo nyumba ya mchumba wangu hiyo, jamani. Inakodishwa kwa saa.

Bwawani nikakuta vijana watatu wamepanga foleni wakiwa na fulana tu, Brighton anavua suti ampe anayefuata. Mwinjuma kashika simu, anarekodi. Aliponiona, simu nusura imponyoke.

"Tunu! Nani kakuleta huku?"

"Kitufe."

"Mpenzi, tukae pembeni nikueleze..."

"Shangazi Anifa leo asubuhi alikuwa kashapaka wino kwenye dole gumba. Ulikuwa unajua?"

Akaitia simu mfukoni.

"Nakuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilijua." Akatazama chini. "Nikimwingiza yeye napanda daraja. Nikipanda, natoa mahari ya maana. Baba yako aliniuliza, fundi simu atamlisha nini binti yangu? Unadhani siku ile nililala?"

"Kwa hiyo unioe kwa shamba la shangazi yangu?"

"Na mimi hela yangu imo humo! Kibanda changu cha Maili Moja niliuza. Nikitoka sasa nimepoteza kila kitu."

"Toka hivyo hivyo. Waambie watu ukweli."

"Watanifunga, Tunu."

Nilimpenda yule mwanaume. Hata pale, jasho likimtiririka, mkono wangu ulitaka kumfuta uso kwa ncha ya mtandio. Nikageuka nikaondoka kabla haujanisaliti.

Jioni ikaingia meseji yake: "Kesho taja mahari yoyote, nitatoa. Ila hili tulimalize sisi wawili."

Nikajibu: "Yoyote?"

"Naapa."

Kesho yake baada ya adhuhuri wazee walijaa sebuleni kwetu. Mshenga alikuwa Mzee Mwinyimadi. Mwinjuma mwenyewe, kama ilivyo ada, alibaki kwao. Baba akasema mahari ni haki ya binti, nikaitwa. Nikakaa mkekani karibu na shangazi. Karatasi ya kuuzia shamba ilikuwa ndani ya mkoba wake.

"Haya mwanangu," baba akasema, "unataka nini?"

"Fedha sitaki, baba. Kitanda sitaki. Nataka leo hii, kabla ya alasiri, aingie laivu kwenye ukurasa wake amevaa ile suti. Awaonyeshe watu kitufe chenye uzi wa bluu, aseme wameivaa wangapi, na ile nyumba ni ya nani. Hiyo ndiyo mahari yangu."

"Tunu, unatuaibisha!" shangazi akafoka.

Mzee Mwinyimadi akamgeukia baba. "Said, mahari gani hii?"

Baba akanitazama, kisha akamjibu. "Keshataja. Mpigie kijana."

Simu ikawekwa sauti kubwa. Mwinjuma akasikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, mwambie ataje kingine."

"Hana kingine."

Simu ikakatika. Tukakaa, chai ikapoa, hakuna aliyegusa vitumbua. Adhana ya alasiri ikaanza, shangazi akafungua mkoba.

"Muda wako umeisha, mwanangu."

Hapo ndipo simu yangu ikawaka.

Mwinjuma yuko laivu, kavaa ile suti.

"Naitwa Mwinjuma, fundi simu wa Maili Moja. Suti hii wameivaa watu saba. Tazameni kitufe hiki, ni kilekile kwenye video zote. Nyumba ya Kisarawe ni ya kukodi. Faida sijawahi kuiona hata shilingi. Nimewaingiza watu kumi na mmoja, majina yao ninayo, kesho naenda nayo polisi kwa miguu yangu. Msitume hela."

Matusi yakamiminika chini ya video. Msaliti. Mwizi. Tutakutafuta. Hakuzima.

Shangazi alikuwa akichungulia begani kwangu. Akalitazama dole gumba lake, wino bado haujatoka, kisha akaichana ile karatasi vipande vinne.

Video ilipoisha, simu ya Mzee Mwinyimadi ikaita. Akasikiliza, akaishusha.

"Kijana anauliza kama mahari imepokelewa."

Machozi yalikuwa yananitoka na sikujali wazee.

"Mwambie nimeipokea. Na kesho asiende polisi peke yake. Anipitie."