Mpini wa Upande wa Pili

MALALAMIKO KUHUSU KELELE ZA MSUMENO KATIKA SAA ZA MAPUMZIKO YA MCHANA, NYUMBA YA KONA: UFUATILIAJI WA PILI.

Ndivyo faili lilivyoitwa, na jina lilikuwa zito kuliko jambo lenyewe. Mshonaji wa nyumba ya jirani alilalamika kwamba kila akimaliza chakula cha mchana na kujinyoosha kidogo, msumeno unaanza nyuma ya ukuta. Ofisi ya mtaa ikamtuma afisa tena, maana ofisi ile ikikosa la kufanya hutuma afisa.

Afisa alimkuta mwenye nyumba amekaa kwenye ngazi ya mlango wa mbele, anamenya chungwa. Alikuwa mzee aliyefanya kazi ya ukarani maisha yake yote ya ajira, na useremala maisha yake yote ya uhai. Useremala huo haukuwahi kumpa hata senti. Alianza kuchonga akiwa mtoto, kwa kisu cha jikoni alichochapiwa, na tangu hapo hakuna mtoto aliyezaliwa mtaani wala bibi harusi aliyeolewa asipate kigoda chake. Watu wakamwita Fundi Bure. Yeye aliona ni cheo.

Afisa alitoa kifaa cha kupimia sauti, akaeleza kanuni kwa kirefu, hasa kile kifungu kinachosema kwamba kelele sharti iwe na mwenyewe. Kabla hajafika kwenye adhabu, msumeno ukaanza kule karakanani. Ulikwenda kwa mwendo wa raha, mvuto mrefu wa kwenda na mvuto mrefu wa kurudi.

Afisa akamtazama mzee. Akalitazama chungwa mkononi mwake.

"Una fundi mwingine ndani?"

"Ninaishi peke yangu."

"Basi hiyo ni redio," afisa alisema, sauti imemshuka.

"Andika redio, mwanangu."

Akaandika redio, akaondoka bila kudai saini, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu ofisi ile ifunguliwe.

Kilichokuwa karakanani mzee alikijua, kwa sababu alikileta mwenyewe. Alikuwa na msumeno wa watu wawili, mrefu, wenye mpini kila upande. Msumeno wa namna hiyo hausukumwi. Unavuta, kisha unalegeza mkono ili mwenzako naye avute; ukisukuma, msumeno unakunjika. Mkewe hakupenda mbao hata kidogo, vumbi lilimpigisha chafya, lakini mpini wa pili ulikuwa wake. Mambo mazito ya ndoa yao, ada za shule, mama mkwe, ugonjwa, yote waliyamaliza wakiwa na gogo katikati. Mkewe alipofariki, mzee aliutundika msumeno ukutani, akabaki na kazi ndogo ndogo za mkono mmoja.

Siku moja jirani aliyekata mti uani alimletea gogo zuri. Mzee akaliweka kwenye farasi wa mbao, kile kitegemeo cha kukatia magogo, akaushusha msumeno, akajitegesha, akavuta upande wake, na kwa mazoea ya ulimi akasema, "Haya, vuta."

Msumeno ukavutwa.

Jambo la kwanza lililomjia halikuwa hofu. Lilikuwa furaha, nalo ndilo lililomponza, kwa sababu alifumba macho akavuta tena, na tena, kama miaka yote ile, mpaka pua yake iliponasa harufu ya manyoya ya mnyama aliyelowa mvua, akafumbua macho na kuona mpini wa pili unakwenda na kurudi hewani, haukushikwa na mtu. Akaachia, akatoka, akafunga mlango. Kesho yake, baada ya kula, alirudi. Kesho kutwa pia. Na siku alizokusudia kutokwenda, msumeno ulianza wenyewe, ukimwita.

Asubuhi moja alikuta kiti kipya kando ya meza ya kazi. Hakuwa amekitengeneza yeye. Maungio yake yalikaza hata wembe usingepita, akakipapasa kwa wivu wa fundi. Lakini ubao wa kuegemeza miguu ulikuwa nyuma, chini ya kalio, na mikwaruzo iliyokuwa juu yake haikuwa ya vidole. Alikikalia ajaribu. Kila alivyogeuka, hakupata pa kuweka magoti.

Bintiye alipokuja kumjulia hali ndiye aliyeona sakafu. Kwenye unga wa mbao kulikuwa na michirizi miwili mirefu, ya kandambili za baba yake, imeburutwa kutoka anaposimama kuelekea kwenye gogo. Upande wa pili unga ulikuwa laini kama shuka iliyotandikwa. Alimuuliza anakata na nani. Mzee akajibu kwamba anakata, basi, na kwamba mwanamke mzima haulizi maswali ya kitoto.

Binti hakubishana. Alikwenda akarudi na mganga, mwanamke mfupi wa miwani, aliyebandika leseni yake kifuani kama beji ya mgeni wa wizara. Mganga hakutoa hirizi wala kibuyu. Aliinama, akaitazama michirizi muda mrefu.

"Ulimwita kwa neno gani, mzee wangu?"

"Sikumwita. Nilizoea kusema tu."

"Hawa hawajui mazoea. Ukimwita kazini, anakuja kazini." Akaonyesha sakafu kwa kidole. "Kila siku anakusogeza. Siku mkono wako utakapoufikia mpini wake, hutarudi upande huu."

"Mfukuze wewe, mama," binti alinong'ona.

"Siwezi. Aliyeajiri ndiye anayeachisha. Aachie katikati ya mvuto, aseme kazi imekwisha."

"Baba. Tafadhali."

Mzee alitaka kusema kwamba tangu mazishi ya mkewe hakuna mwingine aliyekuja nyumbani mwake kila siku. Badala yake alimtazama bintiye. Akaushika mpini.

Akavuta, ukavutwa, na safari hii mvuto ulikuwa wa nguvu kana kwamba aliye kule amesikia maneno yote, kandambili zikaanza kuteleza juu ya unga, harufu ya manyoya mabichi ikajaa mpaka binti akaziba pua na mdomo, patasi zikagongana ukutani, na mzee akawa anasogea, kiganja kwa kiganja, kifua chake kikilalia gogo, akihisi kwenye vidole vyake joto la pumzi ya kiumbe kilichoinama kumtazama kwa karibu, pumzi isiyo na hasira, yenye subira, kama ya mtu anayemsubiri mwenzake amalize kuzungumza, ndipo akafungua mkono na kusema, kwa sauti ambayo bintiye alisema baadaye hakuwahi kuisikia hata makaburini, "Kazi imekwisha. Nenda zako."

Msumeno ukaanguka. Harufu ikatoka mlangoni, taratibu, kama mgeni aliyeudhiwa lakini mwenye adabu. Kiti walikichoma uani. Kiliwaka bila moshi.

Binti alimwomba ahamie kwake, ghorofani, chumba kizuri, ingawa meza ya kazi isingeingia. Mzee alisema ampe muda apange vifaa. Binti akarudi kwa watoto wake.

Kimya kikaingia nyumbani. Mzee alikula mchana akiutazama ukuta, akaosha sahani moja, akaikausha, akaiosha tena. Alijaribu kukata gogo peke yake, msumeno ukakunjika. Mshonaji alimsimamisha njiani kumshukuru, akisema siku hizi analala kama mtoto mchanga. Mzee akamwitikia vizuri, akaingia ndani, na hakusema na mtu mwingine wiki ile.

Afisa alikuja mara ya tatu, akasikiliza akiwa nje ya geti, hakusikia kitu. Faili likagongwa muhuri: kelele zimekoma, mlalamikaji ameridhika, shauri limefungwa.

Kilichotokea hasa ni kwamba mzee alikuwa amerudi karakanani, akaushika mpini wake, akamwita tena yule wa mpini wa pili, akamwomba avute taratibu ili majirani wasisikie, naye akakubali.