Ubao Uliogonga Mara Tatu

Ubao ulikataa kupoa. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa balaa. Plastiki ya boti, ile yenye nyuzi za kioo ndani, ikishayeyushwa na kukandamizwa hupoa upesi kuliko chai. Huu ulikaa mezani siku tatu una joto la mtoto mwenye homa, na karakana nzima ikanuka nywele zilizoloa.

Mwenye tanuri, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Moto, aliusogelea kwa kunyata. Miaka kumi anayeyusha maboti mabovu na kuyageuza mbao mpya, kioja kama hiki hajakiona. Akainama. Ndani ya ubao kukagongwa: ko, ko, ko.

Jamani, mlio huo aliujua! Hapo karakanani, fundi akiingia chini ya boti iliyopinduliwa hugonga mara tatu: nipo ndani, msiwashe moto. Aliye nje hujibu mara mbili: nimekusikia. Utaratibu huo aliutunga yeye na mumewe, wakamfundisha mtu mmoja tu, kaka yake Fundi Moto. Miezi saba iliyopita mumewe alitoka kwenda kujaribu boti baharini. Hakurudi, wala boti haikuonekana.

Kaka mtu alikuwa pale pale, anafagia unga wa plastiki.

"Kaka," alinong'ona, "ile boti ya juzi, iliyotoa ubao huu, uliitoa wapi?"

"Si nilikwambia? Ufukweni. Imetupwa tu."

"Mbona uliniletea vipande? Sisi tunakatia hapa hapa."

Ko, ko, ko. Fagio likamponyoka.

"Dada, twende kwa mganga. Hili ni jini. Tangu siku ile nilijua ni jini."

"Siku ipi?"

Akaangua kilio, na maneno yakamtoka bila breki: kwamba aliikuta imepinduka katikati ya mawimbi, akaifunga kamba, kitu kikagonga kutoka chini, kikanyamaza, kikagonga tena, naye akakaa kwenye chombo chake mikono masikioni, jua likashuka, kikazidi kugonga, kidogo kidogo, mpaka kikaacha.

"Jini gani anagonga mara tatu halafu anasubiri jibu? Ulijua ni shemeji yako!"

"Niliogopa, dada. Ningezama naye."

Fundi Moto alimkazia macho. Huyu ndiye aliyemshika mkono msibani. Huyu ndiye aliyekula mezani pake kila siku, akiwapakata watoto wa marehemu. Kisha akamletea boti ile aiyeyushe kwa mikono yake mwenyewe, ushahidi upotee!

"Mjibu," alisema.

"Dada..."

"Mjibu!"

Kaka akagonga ubao mara mbili. Kukawa kimya. Ubao ukapoa, harufu ikatoweka. Akashusha pumzi, hata akacheka kidogo.

Ko, ko, ko.

Safari hii mlio ulitoka kifuani mwake. Shati lilikuwa likiruka, na maji ya chumvi yalianza kumchuruzika puani.

"Dada, nijibu! Gonga mbili tu, nakuomba!"

Fundi Moto akakunja ngumi, akaisogeza mpaka karibu na kifua cha kaka yake. Akaishusha. Akachukua funguo, akatoka, akafunga mlango kwa nje.

Kisha akaketi kizingitini, mikono masikioni, akisubiri kinyamaze.