Vifaru Sita vya Kwenda Ruiru

Kila siku alipotoka shuleni, Mwongeli aliteka maji bombani, akaosha sufuria za mchana, kisha akaketi mlangoni mwa chumba chao pale Majengo, Thika, na rundo la viberiti vitupu miguuni. Mama yake, Wayua, alikwisha kuzoea kumruka kila alipoingia na kutoka. Ilikuwa Julai mwaka wa 1958, mwezi wa baridi na ukungu, na Mwongeli alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili.

Alikuwa akitengeneza vifaru. Si wale wa porini wenye pembe, bali vile vya jeshi, vyenye mzinga. Mwalimu wao wa hesabu, Bwana Opiyo, aliwahi kuendesha lori la jeshi huko Burma wakati wa vita, na aliporudi alibuni mchezo wa kuchezwa mezani. Mito ilichorwa mezani kwa chaki, vilima vikafanywa kwa vumbi la mbao, na kila upande ukaleta vifaru sita. Kifaru kilisogezwa kwa rula, inchi chache kila zamu, na dadu ndiyo iliyoamua kama risasi imepata au imekosa. Mwalimu alisisitiza sheria mbili. Kila kifaru kitengenezwe na mchezaji mwenyewe kwa vitu vya nyumbani. Na kifaru kikidondosha gurudumu au kichwa katikati ya mchezo, basi kimekufa.

Jumamosi hiyo shule yao ingesafiri kwa treni kwenda kucheza na wenzao wa Ruiru. Waliochaguliwa ni Mwongeli na rafiki yake Ngendo, kila mmoja atengeneze vitatu. Ngendo alikuwa binti wa fundi cherehani, kwa hiyo vile vigurudumu vya mbao vinavyozungushiwa uzi havikumpungukia, na alimgawia Mwongeli pia. Mwili wa kifaru ulikuwa viberiti viwili vilivyogandishwa pamoja, kichwa kizibo cha chupa, mzinga kijiti cha ufagio, na minyororo ya magurudumu vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli. Gundi ilikuwa unga wa ngano uliopikwa ukawa mzito.

Ngendo alimaliza vyake Jumatatu. Jumanne alivileta kwa Mwongeli katika katoni ya sabuni ili vipakwe masizi vyote pamoja. Vilikuwa vimesimama sawa kama askari gwarideni. Vya Mwongeli vililala upande, kimoja bila kichwa.

"Uliingoja gundi ikauke?" Ngendo aliuliza.

"Niliingoja."

"Usiku mzima?"

"Ngendo, nimesema niliingoja!"

Hakuwa ameingoja hata robo saa. Baridi ile ilifanya gundi ibaki laini kama uji, na Mwongeli hakuwa mtu wa kukaa akitazama kitu kikikauka. Alibandika, akabonyeza, akapuliza kidogo, akaendelea na kipande kingine. Kichwa kikiwekwa, gurudumu linatoka. Gurudumu likirudishwa, mzinga unainama kama shingo ya kuku mgonjwa.

Jumatano jioni aliketi tena chumbani, katoni ikiwa sakafuni karibu naye. Mdogo wake, Kitheka, mwenye miaka mitano, alikuwa amelala mkekani pembeni yake. Mama alikuwa nje akichochea jiko. Mwongeli alinyoosha kipande cha tyubu akizungushe kwenye magurudumu. Alikivuta polepole, akakivuta tena, karibu kifike. Tyubu ikamponyoka, ikampiga kidole, na upande mzima wa kifaru ukang'oka. Ilikuwa mara ya nne kwa kifaru kilekile.

"Mnanichezea!" alifoka, kana kwamba viberiti vina masikio. Akasimama, akaipiga katoni teke kwa nguvu zake zote.

Katoni iligonga ukuta ikapinduka. Vifaru vilitawanyika sakafuni, na kabla hajajua afanyalo alikuwa amekanyaga kimoja, kisha cha pili, kisha cha tatu. Aliposimama kupumua, aliona kwamba vya Ngendo, vyote vitatu, vilikuwa vimebonyea na kupasuka.

Mama aliingia mbio. "Ni nini hicho kimeanguka?"

Mwongeli alitazama vipande. Alimtazama Kitheka, ambaye ndiyo kwanza anafumbua macho, akikaa katikati ya viberiti vilivyovunjika.

"Ni Kitheka," akasema. "Amekanyaga vifaru vya watu."

"Wewe Kitheka! Hujui hivi ni vya mwenzake dada yako?" Mama alimwinua kwa mkono. "Basi Jumamosi hutapanda treni. Utabaki hapa na mimi."

Kitheka alikuwa ameruhusiwa kufuatana na dada yake hadi Ruiru, na alikuwa amehesabu siku za safari ile kwa vidole tangu wiki iliyopita. Hakuwa amewahi kupanda treni hata mara moja. Alilia bila sauti.

Mwongeli alidhani jambo limekwisha. Alhamisi asubuhi, alipokuwa akifunga vitabu vyake, Kitheka alimjia akiwa ameshika kiberiti ambamo alimfuga mende wake. Alikuwa amemwachilia mende.

"Dada, chukua utengeneze kingine. Sikujua nimekanyaga. Labda nilitembea nikiwa usingizini. Nisamehe."

Mwongeli alikipokea kile kiberiti kwa sababu hakujua la kufanya. Njia nzima ya shule alikibana kiganjani hadi kikapinda.

Ngendo alipopewa habari, alijifunika uso kwa daftari. Alikuwa ametumia majuma mawili. Lakini baadaye alishusha pumzi akasema, "Ni mtoto tu. Usimpige. Tumwambie mwalimu hatuendi."

Afadhali angepiga kelele. Siku nzima Mwongeli hakusikia lililofundishwa. Alijikasirikia, akaikasirikia gundi, akaikasirikia hata baridi, na hakuna hata kimoja kilichompa nafuu. Saa za kutoka zilipofika alimshika Ngendo mkono langoni.

"Si Kitheka. Ni mimi. Nilipiga katoni teke kwa hasira, kisha nikamsingizia."

Ngendo aliuvuta mkono wake. "Vyangu vyote vitatu?"

"Vyote."

"Kuvunja ningekuelewa. Lakini tangu asubuhi mimi namlaumu mtoto aliyekuwa amelala!" Akageuka akaenda zake bila kuaga.

Mwongeli alifika nyumbani akamkuta mama akichambua maharagwe. Alisema yote akiwa amesimama, haraka, kabla ujasiri haujamtoka. Mama aliweka ungo chini.

"Mwite ndugu yako," akasema. "Mwambie yeye, si mimi."

Kumwambia Kitheka ndiko kulikokuwa kugumu kuliko yote. Alisikiliza kichwa kikiwa upande, kisha akauliza, "Kwa hiyo mimi sitembei usingizini?"

"Hutembei. Ulikuwa umelala vizuri tu. Mimi ndiye mwongo."

"Na treni?"

"Utapanda," mama alijibu. "Na dada yako atakushika mkono safari nzima."

Jioni hiyo Mwongeli alianza upya. Alipika gundi, akaunganisha viberiti, akaviweka karibu na jiko, kisha akajilazimisha kukaa. Vidole vilimwasha. Mara mbili alinyanyuka kuvigusa, mara mbili akarudi chini. Alisafisha taa, akasoma hesabu, akachambua maharagwe yaliyobaki. Alivigusa kesho yake asubuhi, vikiwa vigumu kama mbao. Ijumaa alibandika magurudumu, na akangoja tena, akiona wazi kwamba kwa kungoja hivyo hawezi kufikisha sita.

Ngendo alikuja magharibi. Hakuketi. Alichukua kifaru kimoja, akakitikisa sikioni. Hakuna kilichocheza.

"Viko vingapi?"

"Vinne."

"Sheria inasema sita."

"Najua. Nitasema mwenyewe kwa nini."

Ngendo alikirudisha mahali pake. "Tukutane stesheni saa mbili," akasema, akaondoka.

Jumamosi, katika darasa moja la shule ya Ruiru, meza ilikuwa tayari na watoto wameizunguka. Mwalimu Opiyo alihesabu vifaru vya Thika, akainua nyusi. Mwongeli alisogea mbele.

"Mwalimu, vilikuwa karibu sita. Nilivivunja kwa hasira, na vya Ngendo nikavivunja pia. Halafu nikamsingizia ndugu yangu. Hivi vinne nimevitengeneza mimi, kwa hiyo kosa la upungufu si la Ngendo."

Mtu mmoja alicheka. Watoto wa Ruiru walinong'onezana, wakakubali kucheza vinne kwa sita.

Walishindwa. Ngendo alipima vizuri kwa rula na mara mbili dadu iliwapendelea, lakini sita ni sita. Kifaru chao cha mwisho kilipigwa kando ya mto wa chaki. Hata hivyo, tangu mwanzo hadi mwisho hakuna gurudumu lililotoka wala kichwa kilichodondoka, ilhali Ruiru walipoteza kifaru kimoja kwa gundi mbichi.

Walipokuwa wakingoja treni ya kurudi, Kitheka akikimbia huku na huku jukwaani, Mwalimu Opiyo aliketi karibu na wasichana wale wawili.

"Mwongeli, bado una uchungu wa kushindwa?"

"Ndiyo, mwalimu. Sana."

"Ni sawa kuona uchungu. Na hasira pia kila mtu huiona. Mimi nilipokuwa Burma niliwahi kulipiga lori teke nikavunjika kidole." Ngendo alicheka licha ya kununa. "Lakini ukishavunja kitu kwa hasira, sema siku hiyohiyo. Viberiti ulivitengeneza tena kwa siku mbili. Kama ungeacha mtoto yule akue akijiona mharibifu kwa kosa lako, ungemtengeneza upya kwa gundi gani?"

Mwongeli alimwita Kitheka aje amshike mkono, kwa maana treni ilikuwa imeanza kusikika.

Ngendo alisimama upande wake wa pili. "Muhula ujao tuanze mapema," akasema, bado bila kumtazama. "Na gundi nitapika mimi."

"Nami nitangoja," Mwongeli akajibu.