Kilomita Arobaini Nyuma ya Kamba

Wazazi wenzangu, nyumba nyingi hubomolewa na ulevi au tamaa, nasi huliona jambo hilo na kulikemea. Iko nyingine iliyobomolewa na kitu tunachokichekea kila siku: ujuaji. Nitawasimulia habari zake kwa mpangilio, ili kila mmoja aone mahali ambapo mlango wa kutokea ulikuwa wazi na hakuna aliyepita.

Jumatano asubuhi ndani ya gari kulikuwa na utulivu. Mama, fundi cherehani ambaye mikono yake haikujua kukaa bure, alikuwa kiti cha mbele akipinda kwa sindano ukingo wa kinguo cha mtoto. Nyuma yake binti yao wa pekee, mwalimu wa chekechea, alikuwa amejilaza ubavu, mkono juu ya mimba ya miezi minane. Mumewe alikuwa kazini mbali, hivyo binti alikuja kujifungulia kwao. Baba alishika usukani huku akipiga mluzi.

Walikuwa wanatoka hospitali. Daktari hakuzungusha maneno: kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini na kuziba mlango wa kizazi. Binti arudi Jumatatu alazwe, kisha afanyiwe upasuaji. Ikitokea kabla ya hapo tone moja la damu likaonekana, hata bila maumivu, asisubirishwe. Daktari aliuliza kama wana usafiri. Baba alitikisa funguo, akajibu kuwa usafiri uko mlangoni.

Mtaani walimwita Bwana Najua. Alikuwa msimamizi mstaafu wa kiwanda cha mbao, na kwa miaka thelathini aliendesha malori yale ya kubadili gia kwa mkono. Gari hili la gia otomatiki, kuukuu lakini safi, alilinunua baada ya kustaafu. Hakuwahi kufungua kitabu chake. Alisema kitabu ni cha mtu asiyejua gari.

Wakiwa wamebakiza kilomita arobaini kufika nyumbani, injini ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Gari liliteleza hadi ukingoni mwa barabara. Kila baba alipozungusha ufunguo, injini iliguna bila kuwaka.

Mama alikuwa na namba ya fundi wa gia, mteja wake wa zamani ambaye alimshonea ovaroli. Alimpigia. Fundi yule alikuwa na sauti ya taratibu, lakini aliposikia neno la kuvuta, sauti ilibadilika.

"Mama, msilikokote magurudumu yake yakiwa chini," alisema. "Kwenye gari hilo pampu ya mafuta ya gia inaendeshwa na injini. Injini ikizima, moyo umesimama, damu haiendi. Ukilivuta, vyuma vya ndani vinasagana vikavu. Ni kama kumkimbiza maiti."

Akaeleza la kufanya. Wangoje lori la kubeba magari, ambalo lingefika baada ya saa mbili. Au liletwe la kunyanyua magurudumu ya nyuma, kwa kuwa hayo ndiyo yanayosukuma gari hilo. La sivyo, yeye mwenyewe aje afungue propela, ule mhimili mrefu unaounganisha giaboksi na magurudumu ya nyuma. Mama alirudia kila neno kwa mumewe, kama mwanafunzi anayesoma imla.

Baba alicheka. Alisema amevuta malori mangapi, tena yenye magogo mgongoni, na hakuna hata moja lililokufa gia. Mafundi, kwa maoni yake, huishi kwa kutisha watu.

"Gia ikiwa huru, gari ni toroli," alisema. "Toroli nayo inataka mafuta ya gia?"

Ndugu msomaji, usimcheke upesi. Alichokisema kilikuwa kweli kwa malori aliyoyajua, na hapo ndipo kosa lilipojificha. Ujuzi wa jana ulimfanya asiulize la leo.

Baba alimpigia simu mdogo wake, naye akafika na pikapu. Walifunga kamba. Baba aliamua kukaa kwenye pikapu, amwongoze mdogo wake mwendo wa kwenda, na binti akae kati yao asichoke na jua. Mama, mwenye leseni, alipewa usukani wa gari lililokufa. Waliafikiana kwamba honi moja ni kupunguza mwendo, honi mbili ni kusimama.

Hofu ilimpanda mama tangu mita za kwanza. Bila injini, usukani ulikuwa mzito kama wa jahazi lililojaa maji, na breki ilikuwa ngumu kama kukanyaga jiwe. Kamba ililegea, ikakaza, ikamtupa mbele. Pikapu iliongeza mwendo: hamsini, sabini, hadi mshale ukagusa themanini. Macho ya mama hayakuacha kamba ile hata alipohitaji kupepesa.

Kisha akasikia harufu. Mtu aliyeishi na pasi miaka ishirini hakosei harufu ya kitu kinachoungua polepole. Hii ilitoka chini ya miguu yake, tamu kidogo, nzito. Alipiga honi mbili. Mkono wa baba ulitoka dirishani, ukapungia chini: tulia. Alipiga tena mbili, na tena.

Mwisho walisimama. Baba aliinama, akanusa, akatamka hukumu papo hapo.

"Umekalia breki. Huo mguu wako ungefaa kusagia mahindi."

Shemeji yake, yule mwenye pikapu, alicheka na kuongeza kuwa mama huyu akiendesha toroli italia honi. Baba akamwonya kuwa akipiga tena atamwacha hapo asubiri basi. Mama aliwatazama, akamtazama na binti yake aliyekuwa amechoka, akaona aibu. Harufu iliongezeka kwa kilomita ishirini na tano zilizobaki. Hakupiga honi tena.

Ijumaa fundi umeme wa magari alikuja nyumbani, akabadilisha pampu ya petroli. Injini ikawaka mara moja. Baba aliizima, akaiwasha, akawaita majirani wasikie inavyonguruma. Mama aliomba walau azunguke na gari mtaa mmoja, au amwite fundi wa gia aliangalie. Baba alisema mgonjwa alikuwa injini na injini imepona, na kwamba hachomi petroli kumpembeleza mwanamke mwenye wasiwasi. Jioni, akifagia, mama aliona chini ya gari doa la mafuta. Alilifuta kwa kitambaa. Lilikuwa jeusi, na lilinuka ile harufu. Alitaka kupiga simu kwa siri. Akawaza ugomvi utakaozuka, akakitupa kitambaa.

Jumamosi saa nne asubuhi binti alitoka bafuni akiwa ameshika ukuta. Hakulia. Alisema tu, "Mama, damu."

Ilikuwa imefika kwenye vifundo vya miguu.

Walimlaza kiti cha nyuma juu ya mashuka. Baba aliwasha gari, akavuta gia kwenye D, ya kwenda mbele, akakanyaga mafuta. Injini ilinguruma. Gari halikusogea. Alirudisha, akavuta tena. Injini ilipiga kelele, na miti ya ua ikabaki palepale dirishani.

"Ni breki ya mkono," alisema. Breki ya mkono ilikuwa chini.

Akajaribu gia ya kurudi nyuma. Gari lilishtuka hatua moja, kitu ndani kikakwaruza kama meno, kisha kimya. Alishuka, akafungua boneti, akatazama injini iliyokuwa nzima kabisa. Alifunga boneti, akaifungua tena. Dakika zilikuwa zinapita na binti alikuwa anapauka. Simu ya shemeji haikupatikana, kwa kuwa alikuwa amekwenda machimboni kubeba mchanga.

"Zima hilo gari," mama alisema. "Limekufa. Umeliua Jumatano nami nikiwa ndani yake."

Alikimbia barabarani bila viatu. Magari mawili yalimpita. La tatu lilikuwa la kusambaza mikate, na dereva wake aliposikia neno damu alianza kushusha kreti kabla hajaulizwa mara ya pili. Walimlaza binti kwenye sakafu ya bati. Mama aliinua miguu yake na kuishikilia mapajani mwake njia nzima, akihesabu pumzi zake kwa sauti, na kila pumzi iliyochelewa ilikuwa kama kifo chake mwenyewe. Baba alikaa pembeni ameshika kreti tupu.

Binti aliokolewa. Aliongezewa chupa nne za damu. Mtoto, wa kiume, alitolewa akiwa ameshakata roho. Daktari hakumlaumu mtu. Aliuliza tu ilikuwaje wakachelewa karibu saa nzima.

Siku ya pili binti alipata nguvu ya kuongea. Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi, haingii wala haondoki.

"Mama," binti aliuliza, "si gari lilikuwa limetengenezwa?"

Mama angeweza kumnyooshea kidole mtu wa mlangoni. Alishika mkono wa mwanawe.

"Halikutengenezwa, mwanangu. Tulilivuta tulipokatazwa. Baba yako hakutaka kusikia. Mimi nilisikia, nikanusa na harufu yake, nikanyamaza kwa sababu walinicheka."

Binti aligeuza uso ukutani. Baba aliingia hatua mbili, akapiga magoti kando ya kitanda. Hakuna aliyemwambia ainuke.

Funzo Tuondoke Nalo

Gari la zamani la gia otomatiki lisikokotwe magurudumu yanayolisukuma yakiwa chini huku injini imezima. Libebwe juu ya lori, au magurudumu hayo yanyanyuliwe, au fundi afungue propela ikiwa ni gari la kusukumwa nyuma. Ikibidi livutwe kidogo tu kuondolewa hatarini, kitabu chake kisomwe kwanza kujua mwendo na umbali wake. Na likishavutwa, lisiaminiwe kwa mlio wa injini, litembezwe, likaguliwe.

Lakini giaboksi ni chuma, na chuma hununuliwa. Kisichonunuliwa ni saa mbili alizokataa kuzingoja mtu aliyeogopa kuonekana hajui. Anayejua jambo moja vizuri ndiye apasaye kuuliza zaidi, maana uzoefu wake humdanganya kwa sauti yake mwenyewe. Nawe uliyenusa hatari, usiache kupiga honi kwa sababu ya kicheko. Kicheko hupita kabla ya jioni. Kaburi dogo la yule mtoto lipo nyuma ya nyumba ile hadi leo, na bibi yake hulifagia peke yake.