Maji ya Bosi

Jamani, sogeeni. Habari hii inaanza kwa raha, na ninawaomba muifaidi mapema, kwa sababu haikai sana.

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Aliwahi kushona sare za wahudumu wa meli moja ya starehe, zile zenye ghorofa kama hoteli, ambazo watu hulipa fedha nyingi ili wazungushwe baharini kisha warudishwe palepale walipotoka. Wenye meli waliipenda mishono yake, wakampa zawadi ya safari ya siku chache, yeye na watu wa nyumbani kwake. Watu wenyewe walikuwa hawa: mumewe, mwalimu wa udereva ambaye mtaa mzima unamwita Breki, mama mzazi wa Breki, ambaye sote tulimwita Bibi tangu mjukuu alipozaliwa, mjukuu mwenyewe, mtoto wa miezi tisa tuliyempa jina la Bosi kwa sababu akilia kila mtu anasimama, na mimi dada mtu, niliyejihesabu bila kuulizwa.

Siku ya kufunga mizigo nyumba ilinukia sabuni na nguo zilizopigwa pasi. Bibi alikaa kitandani akizikunja soksi za mjukuu mbili mbili, na akiona jozi imekaa upande anaikunjua na kuanza upya. Breki alikuwa akipiga mluzi.

"Shemeji, leo una furaha kama mtu aliyesamehewa kodi," nikamwambia.

"Niache, Shemeji. Maisha yangu yote nimefundisha watu kurudi nyuma. Leo naenda mbele."

Mdogo wangu alikuwa na simu mkononi, akatusomea masharti ya meli. "Sikilizeni, msije mkanitia aibu. Abiria haruhusiwi kupanda na kinywaji chake. Bia, mvinyo, pombe kali, vyote hapana. Kikikutwa kinachukuliwa na kuwekwa stoo, mtu anakabidhiwa siku ya kushuka. Hata maji na soda za nje hapana. Kinachoruhusiwa ni maji ya mtoto mchanga na ya mgonjwa."

"Na mtu akisikia kiu?" Breki akauliza.

"Ananunua humohumo, kwa kadi ya chumba." Akamtazama. "Kadi ina jina langu, Baba Bosi. Kila glasi nitaiona."

Mluzi ukakatika hapo.

Nisiwafiche. Shemeji yangu alikuwa mlevi. Alikuwa mlevi mpole, asiyepiga mtu wala kutukana, na hao ndio wagumu kuliko wote, kwa sababu hakuna anayepata ujasiri wa kuwagombeza. Siku moja aliletwa nyumbani na mwanafunzi wake, kijana aliyekuwa katika somo la pili, akiendesha huku anatetemeka na mwalimu amelala kiti cha pembeni. Usiku ule Breki alimwekea mwanawe mkono kichwani, akaapa mbele ya mkewe kwamba amekoma. Tukaamini. Mdogo wangu aliamini kuliko sisi sote. Alinenepa kabisa.

Kumbe alikuwa amekoma kuonekana tu.

Mchana ule alijitolea kwenda dukani kununua maji ya mtoto. Alirudi na chupa nne zilizofungwa, akazipanga mezani kwa heshima. Tuliyoyajua baadaye nawaambia sasa: mbili zilikuwa za maji. Nyingine mbili alizifungulia katika karakana ya chuo chake cha udereva, akamwaga maji nusu, akajaza pombe kali isiyo na rangi, kisha akaigandisha ile pete ya kifuniko kwa gundi, kwa ustadi ambao angeutumia kwenye kazi halali angekuwa tajiri.

Pale mlangoni pa meli mizigo ilipita kwenye mashine. Mbele yetu alikuwapo mzee mmoja mwenye kofia, akatolewa chupa ya mvinyo ndani ya kiatu. Mkaguzi, mama mmoja mwenye glavu nyeupe, akaibandika karatasi ya namba.

"Baba, utaikuta siku ya kushuka. Haitalia."

"Mimi ndiye nitakayelia," mzee akasema, na foleni nzima ikacheka.

Zamu yetu ikafika. Mkaguzi akazinyanyua zile chupa. "Haya ya nani?"

"Ya huyu mkubwa," Breki akasema, akamnyanyua Bosi hadi usawa wa uso wake. Bosi akamchekea yule mama kwa fizi zake na meno mawili. Mama akamgusa shavu, akasema haya piteni. Breki akapita amempakata mwanawe kifuani. Sijapata kuona mtu aliyebeba kibali kizuri kama kile.

Chumbani aliziacha chupa mbili mezani, nyingine mbili akaziingiza kwenye begi la viatu vyake. Halafu akatoka kwenda kutazama bwawa la kuogelea.

Sasa mnamjua Bibi na soksi zake. Kitu kilichokaa mahali si pake humwasha kama upupu. Alipofungua begi la mwanawe ili avipange viatu, akaona maji ya mjukuu yamelala juu ya soli. "Huyu baba naye," akanung'unika, "maji ya mtoto anayaweka na viatu." Akazifuta chupa, akazisimamisha zote nne kwenye friji dogo, akafunga mlango ameridhika. Breki aliporudi na kuzikosa, hakuweza kuuliza. Angeuliza vipi? Akajua ziko kwenye friji, akajipa subira mpaka chumba kiwe kitupu.

Kesho yake mchana bado alikuwa anasubiri. Mdogo wangu na mimi tulikuwa juu tumekaa juani. Breki alikuwa kwenye ukumbi wa muziki. Bibi alikuwa chumbani na mtoto, na mtoto akataka maziwa. Bibi akatoa chupa, akapima maziwa ya unga, akachanganya. Tangu mafua mabaya yaliyomlaza mwaka mmoja nyuma pua yake haikusikia harufu tena. Chakula kikiungua jikoni alijulishwa na moshi machoni. Bosi alionja, akakunja uso. Bibi akadhani maziwa ni mepesi, akaongeza kijiko. Akambembeleza. Bosi akanywa, si yote, lakini akanywa.

Ndipo akaletwa ukumbini, ambako mdogo wangu na mimi tulikuwa tumeshuka kumfuata Breki, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri.

Alikuwa anacheka. Alicheka bila kuchekeshwa. Kichwa kilikuwa kinayumba huku na huku, mikono inapiga hewa, na bendi ilikuwa inapiga. Watu wa meza ya pili wakageuka. "Tazama huyu anavyocheza." Tukacheka wote. Mdogo wangu akatoa simu akapiga video. Breki akamshika mwanawe vidole, akacheza naye, akasema, "Huyu amerithi kwa baba yake." Sauti hiyo imo kwenye video. Nimeisikia mara nyingi kuliko ninavyotaka.

Kisha kicheko kikaisha, lakini si kama kicheko cha mtoto kinavyoisha. Kilikatika katikati. Shingo ikalegea. Mdogo wangu akamwita, akamtikisa, akamgusa mikono, nayo ilikuwa baridi kama vyuma vya ngazi.

Tulishuka mbio kwenda kwenye zahanati ya meli. Bibi alikuwa nyuma yangu akihema na kusema peke yake, "Maziwa nimempa vizuri, kwa maji yale yale, yale uliyoyasahau kwenye begi la viatu, mwanangu, nikayatoa nikayafuta." Breki alikuwa mbele yetu. Nilimwona akikosa ngazi, akashika reli. Nikadhani ni haraka.

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. Akamlaza Bosi, akamsikiliza kifua, akamfunua macho. "Amekula nini?"

"Maziwa tu," Bibi akasema. "Nimempa mimi."

"Na kitu gani kingine? Dawa ya kikohozi? Majani? Mizizi?"

"Hapana, Daktari."

"Mama, sikulaumu. Wazee wengi huwapa watoto vitu kwa nia njema. Niambie tu nijue la kufanya."

"Mwanangu, sikumpa kitu. Labda mikono yangu ilikuwa michafu. Labda sikuosha chupa vizuri." Akaanza kujitazama mikono, mbele na nyuma, kama anatafuta doa. "Mimi mzee, labda nimekosea kupima."

Breki alikuwa amesimama mlangoni. Mama yake akawa anajishtaki kosa moja baada ya jingine, yote ya uongo, na yeye alikuwa analo la kweli mdomoni, akalifungia humo. Daktari akauliza tena. Bibi akajibu tena. Mtoto akaanza degedege juu ya kile kitanda chembamba, na Breki bado hajasema.

Mdogo wangu ndiye aliyeinama. Aliinama ili amwambie mwanawe kwamba yupo. Uso wake ukafika karibu na mdomo wa mtoto, ukasimama hapo. Hakupiga kelele. Akanusa mara moja, akanusa tena, kisha akanyoosha mgongo taratibu, akasema kwa sauti ambayo sikuijua:

"Daktari, usimuulize Mama. Muulize huyo mlangoni. Mwanangu ananuka mume wangu."

Hapo ndipo Breki akayasema yote, na daktari hakupoteza muda. Alipima damu, akakuta sukari imeshuka mpaka chini, akaweka dripu, akamfunika mtoto kwa mablanketi ya moto. Kabla giza halijaingia Bosi alifungua macho, akalia. Sote tulilia pamoja naye, isipokuwa Bibi, aliyekuwa amekaa kwenye benchi ameikalia mikono yake.

"Ataishi," daktari akatuambia. "Mengine siwezi kuwaahidi. Degedege lile lilichukua muda, na ningeambiwa mlipoingia ningelizuia. Tungoje akue, ndipo tutajua."

Tungoje akue. Nyumba ile sasa inaishi ndani ya maneno hayo mawili.

Tulishushwa bandari iliyofuata tukapelekwa hospitali. Maafisa wa ustawi wa watoto walikuja, wakahoji, wakaandika, wakarudi mara kadhaa. Breki aliacha pombe, na safari hii hakuapa kwa mtu. Siku moja nilimuuliza, kwa sababu mimi ni shemeji yake na kuna maswali ambayo shemeji tu anaruhusiwa, "Pale mlangoni ulikuwa unangoja nini?"

Akanijibu, "Nilikuwa natafuta namna ya kusema ambayo mimi simo."

Bosi sasa ana miaka mitatu. Anatembea, anacheka, anavunja vyombo. Ila maneno yake ni machache, na akiitwa wakati mwingine huchelewa kugeuka. Inawezekana ndivyo alivyo tu. Wapo watoto wa namna hiyo, wanakuja kuwa mawakili. Inawezekana ni ile chupa. Hakuna anayejua, na kila mmoja pale nyumbani anamtazama akicheza kama mtu anayetazama ukuta wenye ufa.

Mdogo wangu hanywi kitu bila kukinusa. Hunusa maji ya bomba, hunusa chai aliyoipika mwenyewe. Ile video hajaifuta. Kuna wakati mashine ya cherehani hunyamaza chumbani kwake, na ukipita mlangoni unasikia bendi, na mtoto akicheka. Bosi naye husikia. Humfuata mama yake, hushika kiti, huuliza kwa maneno yake mazito, "Mtoto nani?" Mama yake huizima, humjibu kwamba hakuna mtoto.

Lakini anayeniumiza zaidi ni Bibi. Kila mtu amemwambia hana kosa: daktari, maafisa, mkwewe, mwanawe aliyepiga magoti mbele yake. Anaitikia, "Nimesikia." Hajampikia mjukuu tena. Hajamvisha hata soksi.

Juzi nilikuwa kwao. Bosi alitoka kucheza akiwa na jasho, akachukua kikombe chake, akawapita mama yake na mimi, akaenda moja kwa moja kwa Bibi, kwa sababu watoto huchagua wenyewe. Akamnyooshea. "Bibi, maji."

Mtungi ulikuwa pembeni ya kiti chake, safi, umefunikwa. Bibi akautazama. Akamtazama mjukuu. Kisha akaipeleka mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

"Mwambie baba yako," akasema.

Breki alikuwa amekaa karibu. Alinyanyuka, akajaza kile kikombe mpaka juu, na badala ya kumpa mtoto akakipeleka kwanza puani kwa mkewe. Mkewe akanusa. Akatikisa kichwa kukubali. Bosi akanywa, akarudi kucheza, na mikono ya Bibi bado iko nyuma.

MAFUNZO

Najua mtakachosema, kwa kuwa hata mimi nilikisema: wenye meli wanakataza vinywaji vya abiria ili tununue vyao kwa bei ya kutoa machozi. Kweli kabisa, wala siwatetei. Lakini sharti lile lilimwachia mtoto mlango mmoja wazi, mlango wa huruma, na baba yake mzazi akaupitishia pombe. Mtu akiichezea nafasi waliyopewa wadogo na wagonjwa, anayeumia ni mdogo au mgonjwa.

Anayeficha ulevi hudhani anamficha mlinzi. Mlinzi haishi naye. Anawaficha wanaokula chungu kimoja naye, wanaofungua friji bila wasiwasi kwa sababu ni kwao. Kwa hiyo, ndugu zangu, iwe pombe, mafuta ya taa au dawa ya kuulia wadudu, kisitiwe ndani ya chupa ya maji, hata kwa siku moja, hata ukijiambia wewe unaijua ni ipi. Unaijua wewe. Mwenzako anajua kwamba ni maji.

Na kama umekwisha kukosea, sema mlangoni pa daktari, kabla hujaulizwa. Sema huku unatetemeka, sema ujitaje jina. Breki aliyasema yote mwishoni, kila neno, na yote yalikuwa kweli. Yalichelewa kwa urefu wa degedege moja.