Mbwa Aliyekatazwa Kukimbia

Kila jioni akitoka shule, Lenah alivua sare, akala githeri iliyobaki mchana, kisha akashuka shambani na mbwa wao Bosco. Walikaa nje kidogo ya mji wa Siakago, na ndengu zilipofunga maganda, tumbili walikuja kuzila kwa makundi. Bosco hakungoja kutumwa. Akiwaona tu, keshawafikia.

Msimu huo alianza kukohoa kikohozi kikavu. Akikimbia kidogo, analala chini akihema. Baba, Mzee Mugendi, alidhani amekwamwa na mfupa. Mbwa alipozidi kukonda, walimpeleka kwa Daktari Cicily, daktari wa mifugo. Alimpima damu, akawaambia ni minyoo ya moyo. Mbu humuuma mbwa mgonjwa, kisha humpelekea mbwa mwingine minyoo michanga, nayo hukua hadi kujaa katika moyo na mishipa ya mapafu. Sindano zake ingebidi ziagizwe Nairobi.

"Lakini dawa ni nusu ya kazi," daktari alisema. "Minyoo ikifa, vipande vyake huingia mapafuni. Bosco akikimbia, vitaziba mishipa na anaweza kufa. Mfungeni mpaka mimi niseme, hata akionekana mzima."

Baba aliguna, akauliza nani atalinda ndengu. Lenah akasema atalinda yeye.

Basi akawa anazunguka shamba akipiga debe, koo limemkauka, huku tumbili wakihamia upande aliotoka. Sindano zilifika, na baada ya ile ya kwanza Bosco alichangamka. Alikula vizuri, akavuta kamba kila alipomwona Lenah akishuka. Jioni moja wenzake Lenah walimwita wakacheze mpira. Lenah alimtazama mbwa anavyorukaruka, akajiambia kwamba huyu amepona. Akamfungua alinde badala yake.

Bosco aliwafukuza tumbili hadi katikati ya shamba, akaanguka. Lenah alipomfikia, alikuwa akikohoa povu lenye damu. Alimwita baba kwa sauti, wakamkimbiza kliniki kwa bodaboda, Lenah amempakata.

Daktari aliuliza kilichotokea. Baba akajibu kwamba labda mbwa alikata kamba. Lenah aliona hapo njia ya kuponea.

"Hakuikata," alisema. "Nilimfungua mimi, Daktari. Amekimbiza tumbili."

Baba alimgeukia. Daktari alishika sindano ya kutuliza mapafu, akamdunga Bosco, akaamua abaki pale. Siku zilizofuata Lenah alikuwa akitoka shambani anapitia kliniki, anaketi kando ya kizimba. Mbwa alirudi nyumbani amedhoofika. Alifungwa tena, akamaliza matibabu, na safari hii hakuna aliyeigusa kamba.

Mavuno yalikuwa yamekwisha damu yake ilipopimwa tena. Minyoo haikuonekana. Daktari Cicily aliwapa vidonge vya kinga, kimoja kila mwezi, pia akawashauri wamwage maji yaliyotuama karibu na nyumba ili mbu wapungue.

"Ulikosea ulipomfungua," alimwambia Lenah. "Mgonjwa akichangamka si kwamba amepona, matibabu lazima yamalizwe. Lakini ungenyamaza jioni ile, ningebaki kubahatisha kama alikimbia au la, huku huyu anakufa mezani. Ukweli wako ndio ulionionyesha pa kuanzia."

Baba alimkabidhi Lenah vidonge. "Utakuwa unampa wewe," alisema. "Nimeona ukikosea unasema."